Zizi la Ng'ambo: shajara ya kuandika na kuchapa riwaya ya Kikristo, Mwanza

Hii ni kumbukumbu ya kazi ya wahariri watatu: riwaya moja ya Kiswahili, ya Kikristo, inayofaa kusomwa na familia nzima, kuhusu siri ya ukoo na mali iliyopotea. Mandhari ni Bukumbi, Pasiansi na ng'ambo ya Sengerema. Tunaandika kila hatua inapokwisha ili mwenye mradi kama huu achukue kinachomfaa. Yaliyokwenda sawa yana mstari mmoja au miwili. Nafasi tumeyaachia yaliyoharibika.

18 Januari 2025. Hazina ya kwanza yazama

Wazo la kuanzia lilikuwa rahisi: mwaka 1959 mkulima wa pamba anazika debe la noti chini ya mkuyu ufukweni, anafariki bila kusema, na mwaka 2013 mjukuu wake Neema anakuja kutoka Dar es Salaam kulitafuta. Tulikwisha andika sura nne.

Debe lilikufa kwa sababu mbili, na zote zimo kwenye historia ya hapa hapa. Ya kwanza ni ziwa. Kati ya 1961 na 1964 maji ya Viktoria yalipanda kwa zaidi ya mita 2, na kwenye ufukwe tambarare mita 2 za kwenda juu ni mwendo mrefu wa kwenda nchi kavu. Mkuyu wa ufukweni wa 1959 uko majini. Ya pili ni noti zenyewe. Zilikuwa shilingi za Afrika Mashariki, na Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa 1966 ikaleta shilingi yetu. Mwenye noti za zamani alizibadilisha wakati ule. Asiyebadilisha amebaki na karatasi za makumbusho.

Tukajaribu kuokoa: badala ya noti tuweke dhahabu, badala ya ufukwe tuweke mlima wa mawe, maana Mwanza mawe hayakosekani. Matobo yakazibika, hadithi ikabaki imelala. Ilituchukua wiki sita kuona kwa nini, na jibu liko kwenye ingizo la tarehe 2 Machi.

Gharama hadi hapa: daftari na muda. Maneno yaliyotupwa: 9,800.

9 Februari. Hazina ya pili yataifishwa

Tukahamia kwenye nyumba. Babu alijenga ghorofa ya kupangisha mjini miaka ya 1960, hati ikapotea, ndugu wakagombana. Mwanasheria aliyetupitia sura (hakutoza chochote) aliuliza swali moja: nyumba ilikuwa na thamani gani mwaka 1971? Mwaka ule Sheria ya Kutwaa Majengo ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Ghorofa letu lingeingia mle mle.

Tukapunguza thamani. Nyumba ikawa ya vyumba vitatu, na hapo akaongeza la pili: kesi za madai zina ukomo. Hata ardhi, ambayo ukomo wake ni mrefu, ni miaka 12. Neema anafika 2013 akidai kitu kilichopotea karibu nusu karne iliyopita. Mahakamani atarudishwa mlangoni.

Tuliudhika siku hiyo. Baadaye ukomo huo ndio ulioijenga riwaya.

Kwa atakayenakili: usiandike sura ya mahakama kwa kukumbuka sinema. Kwenye mirathi hapa nchini, jiulize kwanza ni sheria ipi inayotumika, ya kimila, ya Kiislamu au ile ya mwaka 1865 iliyotoka India ambayo Wakristo wengi hawajui kuwa inawahusu. Jibu hilo husaidia kuamua shauri lianzie mahakama gani. Sisi tuliikwepa sura yenyewe.

2 Machi. Swali lililopanga kazi yote

Hazina mbili zilikufa kwa kasoro moja. Debe lilichukuliwa na ziwa, nyumba ilichukuliwa na sheria. Hakuna mtu aliyetenda dhambi, kwa hiyo hakuna wa kutubu. Riwaya ya Kikristo ya urithi uliopotea bila mtu wa kutubu ni riwaya ya upelelezi yenye sala mwanzoni na mwishoni.

Kuanzia leo kila badiliko la hadithi linapimwa kwa swali moja lililobandikwa ukutani: NANI ANAWEZA KUTUBU? Likikosa jibu, halipiti.

Hazina ya tatu ni ng'ombe. Usukumani hapo ndipo tungeanzia. Pamba na nyumba zilituvuta kwa sababu zina karatasi, na ng'ombe hawana. Msuko mpya ni huu. Mapacha wawili, Petro Kulwa na Paulo Doto, wanazaliwa 1936. Mwaka 1958 Doto anakwenda kufanya kazi mgodi wa dhahabu wa Geita. Kila akipata mshahara ananunua ng'ombe na kumwachia Kulwa nyumbani; hadi 1964 wamefika 20. Mwaka 1966 mgodi unafungwa (hilo ni la historia, hatukulitunga). Doto anarudi, na Kulwa anamwambia hakuna ng'ombe: amewauza, amenunua lori. Doto anavuka kurudi ng'ambo na hasikiki tena. Nyumbani inasemwa alizama ziwani. Baadaye haisemwi kabisa. Lori linazaa malori, malori yanazaa nyumba ya Pasiansi anakokulia baba yake Neema.

Kwa hiyo Neema anatafuta mali iliyopotea akiwa amekaa juu yake, na aliyeiba ni babu anayempenda. Mahakama imefungwa kwa ukomo wa muda, mashahidi hakuna, hati hakuna. Ng'ombe wale hawawezi kurudi kwa njia yoyote isipokuwa Mzee Petro afungue kinywa mwenyewe. Swali la ukutani lina jibu.

Tobo moja lilibaki: kijiji kizima kitafichaje mtu? Viraka viwili vimetosha. Familia inahamia mjini 1968, kwa lori. Na Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ikawahamisha majirani waliobaki, huyu huku na yule kule. Anayejua ni mmoja tu: dada mdogo wa mapacha, bibi wa Neema kwa upande wa babu.

Jina la muda: Ng'ombe wa Doto.

30 Machi. Jina la bibi latoboa siri

Kosa hili lingetuaibisha kuliko yote. Yule dada tulimwita Shija, kwa sababu ni jina zuri la kule. Sura ya kwanza ikasema: "Bibi Shija alikuwa na kaka mmoja tu, Mzee Petro."

Msomaji wa kwanza, mama wa Misungwi, alifika ukurasa wa tano akacheka. Kwa Wasukuma Kulwa ni pacha wa kwanza, Doto ni wa pili, na Shija ni mtoto anayewafuata mapacha. Ukimwita mtu Shija umeshasema kuna mapacha mbele yake. Siri tuliyoipangia sura kumi na mbili iliishia kwenye jina la mhusika.

Njia tatu zilikuwepo. Kumbadilisha jina awe Bibi Neema au Bibi Rehema: salama, lakini unaitupa zawadi. Kuacha hivyo hivyo na kutumaini wasomaji wa pwani hawatajua: huo ni utovu wa adabu kwa wasomaji wa kanda hii, ambao ndio watakaonunua kwanza. Tukachukua ya tatu: jina lifichwe kama familia ilivyolificha. Nyumbani kwa Pasiansi anaitwa Bibi Agnesi, jina la ubatizo. "Shija" inaonekana mara ya kwanza sura ya 7, kwenye stakabadhi ya zamani ya pamba. Neema, mtoto wa Dar, anaona ni jina tu. Sura ya 9 ananunua samaki Kirumba:

"Bibi anaitwa nani?"
"Agnesi."
"Hilo la kanisani. La nyumbani?"
"Shija."
Yule mama akaacha kupara sato, kisu kikabaki kimejaa magamba. "Shija. Haya, mapacha wake wako wapi?"

Sasa anayejua Kisukuma anasubiri sura mbili akiwa na wasiwasi kuliko Neema, na asiyejua anaelezwa na muuza samaki katika mstari mmoja. Bila maelezo ya chini ya ukurasa, bila mwalimu wa mila kuingizwa kwa nguvu.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kuchosha: kufuta "Shija" sura ya 1 hadi 6. Usitumie badili-yote ya kompyuta. Ilibadilisha pia sehemu za sura ya 7 na 9 tulizotaka zibaki, tukapoteza jioni nzima kuzirudisha. Tafuta moja moja.

4 Mei. Rasimu ya kwanza

Imekamilika: sura 26, maneno 71,200. Mwendo ulikuwa karibu sura tatu kwa wiki, kila mhariri na sehemu yake, mmoja akiwa na jedwali la umri na miaka. Jedwali hilo ni la lazima. Bila lenyewe Bibi Agnesi alikuwa na miaka 74 sura ya 2 na 81 sura ya 19, ndani ya miezi mitatu.

Kilichotupwa ni mganga wa sura ya 14. Alikuja kusema Doto alipotezwa kwa uchawi, na kwa muda alinogesha mambo. Swali la ukutani likamtoa: uchawi ukipewa lawama, Kulwa anapona. Tena rasimu ilikuwa na bibi mwenye macho mekundu anayeogopwa na watoto. Macho ya bibi zetu huwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, na kanda hii wapo vikongwe waliouawa kwa sababu ya wekundu huo. Hatutaki hata aya moja ya kunogesha inayoegemea huko.

1 Juni. Padri aliyesema asichopaswa kusema

Sura ya 12 ya rasimu: Neema anakwenda parokiani, padri mzee anamvuta kando na kumnong'oneza kwamba babu yake aliwahi kuungama wizi wa ng'ombe. Msomaji wetu katekista alirudisha kurasa zile zimekunjwa katikati. Siri ya kitubio haivunjwi, kwa neno wala kwa ishara, kwa sababu yoyote ile; ndivyo isemavyo kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa. Padri wa kwenye rasimu angekuwa amejiharibia upadri kwa kumsaidia mwandishi aliyekwama.

Na hata kanisa lingeruhusu, sura ingeanguka kwa swali letu wenyewe: padri akisema, babu hana tena la kutubu mbele ya ndugu zake. Amesemewa.

Rekebisho lilitoka kwenye karatasi. Parokia ya Kikatoliki ina kitabu cha ubatizo, na Bukumbi ni misheni ya Mapadri Weupe tangu 1883, kwa hiyo ubatizo wa 1936 kuandikwa pale ni jambo la kawaida kabisa. Kitabu huwa na namba ya mfululizo, tarehe, jina la ubatizo na la nyumbani, wazazi, msimamizi, na pembeni nafasi ya kuongeza kipaimara na ndoa. Mapacha wakibatizwa siku moja, namba zao hufuatana.

Kwa nini kitabu kifunguliwe? Hapa tulikwama siku nne. Mtu hapewi tu rejista apekue. Mwisho: Bibi Agnesi hana cheti cha kuzaliwa, anahitaji cheti cha ubatizo kama kielelezo cha kuombea, na Neema anatumwa na barua. Katibu anatafuta 1939, anampata. Neema anaomba aangaliwe na babu, 1936. Katibu anaweka kidole kwenye namba 207, Petro Kulwa, halafu hakitoi kidole. Anakishusha mstari mmoja. 208. Tarehe ile ile, wazazi wale wale. Pembeni mwa 207 pamejaa wino: kipaimara, ndoa. Pembeni mwa 208 kuna neno moja lenye jina la parokia ya ng'ambo na mwaka 1969. Ndoa. Mtu aliyezama ziwani kabla ya hapo ameoa.

Hakuna aliyevunja siri, na sura imekuwa fupi kwa kurasa nne.

Kosa dogo la aina hiyo hiyo: rasimu ilichanganya makanisa. Bibi Mkatoliki alisalimia "Bwana asifiwe!" na kumwita padri "mchungaji". Mmoja wetu ni Mlutheri, ndiko lilikotoka. Tumepitia kitabu kizima: "Tumsifu Yesu Kristo" ikijibiwa "Milele amina", misa badala ya ibada, jumuiya badala ya kikundi cha nyumbani. Mahali 43. Amua kanisa la wahusika wako siku ya kwanza.

22 Juni. Daraja

Tarehe 19 mwezi huu Daraja la Kigongo–Busisi limezinduliwa, kilomita 3 juu ya maji. Sura ya 17 yote iko kwenye kivuko: Neema na Bibi Agnesi wanasubiri foleni upande wa Kigongo, na kusubiri huko ndiko kunakomfungua bibi kinywa. Kwa gari juu ya daraja, bibi asingefika hata kwenye jina la Doto.

Kwa kuwa hadithi ni ya 2013, kivuko ni halali. Tatizo ni kwamba mwaka ulikuwa umetajwa mara moja tu, sura ya 3, na msomaji wa mwakani atadhani hatujui kuna daraja. Tumeweka mwaka kwenye mstari wa kwanza wa sura ya 1, na mstari mmoja sura ya 17 wa wachuuzi wa karanga wakibishana kama daraja litajengwa kweli. Maneno 31. Kwa ziwa hili, ukiandika safari yoyote andika na mwaka.

20 Julai. Wasomaji wa majaribio

Nakala 9, A4, pande mbili, kurasa 190, zimefungwa kwa waya. Kila ukurasa shilingi 100, waya 3,000: jumla 22,000 kwa nakala. Maagizo yalikuwa mafupi: chora mstari wa penseli pembeni kila unaporuka. Usiulize watu kama wamekipenda. Watasema ndiyo, kwa heshima. Penseli haina heshima.

Mahubiri ya sura ya 21, kurasa sita, yalirukwa na 7 kati ya 9. Waliobaki wawili ni wazee wa kanisa. Tumeyakata yakawa mistari kumi na mmoja: padri anasoma Luka 12, yule mtu anayemwomba Yesu amwambie ndugu yake amgawie urithi, anafunga kitabu, na Mzee Petro benchi la tatu hasimami kwenda komunyo. Mkewe anamtazama. Basi. Mahubiri yote ya kurasa sita yamo kwenye ule utupu wa nafasi ya mzee kwenye mstari.

Lililotutesa zaidi ni hesabu ya marejesho, sura ya 24. Rasimu ilimfanya mzee alipe mara nne kama Zakayo, ng'ombe 80. Wasomaji wawili wakapinga kwa Biblia, mmoja kwa zizi.

Wa Biblia walisema sheria ni zaidi ya moja. Kutoka 22:1: aliyeiba ng'ombe akamchinja au kumuuza hulipa watano kwa mmoja, ambayo kwa mzee ni 100. Zakayo, Luka 19:8, anajipangia mwenyewe mara nne. Hesabu 5:7: anayekiri kosa lake hurudisha kitu kamili na kuongeza sehemu ya tano. Tukasoma kwa utulivu na kukubaliana kwamba hiyo ya tatu ndiyo ya mzee: hakukamatwa, amekiri. Ishirini na nne.

Wa zizi ni mfugaji wa Magu, na aliandika pembeni kwa herufi kubwa: NA NDAMA? Ng'ombe wa asili huzaa akiwa na miaka mitatu minne, kisha kila mwaka na nusu au miwili. Tangu 1964 hadi 2013 hesabu haishiki kichwani. Mfugaji yeyote akisoma "24" atafunga kitabu.

Hatukuweza kumjibu kwa hesabu, tukamwingiza yeye. Sasa kwenye kikao cha ukoo mzee mmoja anauliza swali lile lile, na Petro anajibu kwamba za ndama hajui, hana, na hatakuwa nazo. Amekuja na ishirini na nne na kofia mkononi. Binti wa Doto, Mariamu, ambaye Neema anamwita shangazi, anapokea ng'ombe na kuongeza sharti: jina la baba yake liandikwe kwenye muhtasari wa ukoo, namba mbili, chini ya Petro. Mzee mwingine anang'aka kwamba binti si wa kusema kwenye urithi. Rasimu ilimpa Mariamu hotuba ya ukurasa mzima. Sasa anauliza tu kama wamewahi kusoma habari za binti za Selofehadi waliopewa urithi wa baba yao, Hesabu 27, na anakaa.

Pia: sura ya 18 watu wanasalimiana "Mwangaluka" jioni. Ni salamu ya asubuhi. Jioni ni "Mwadila". Imeingia kwenye orodha ya marekebisho.

Nakala 198,000, nauli na vinywaji vya wasomaji 90,000.

17 Agosti. Lugha na mpangilio wa kurasa

Mhariri wa lugha: 400,000 kwa kitabu kizima. Kimeshuka hadi maneno 66,600.

Mambo matatu ya kompyuta yaliyotula siku tano. Programu haikuwa na ukataji wa maneno wa Kiswahili; ukinyoosha aya pande zote mbili, maneno yetu marefu kama "walivyomsubirisha" husukumwa mstari wa chini na kuacha mapengo ya kuingiza kidole. Tuliukata kwa mkono: mwisho wa silabi, ambayo kwa Kiswahili mara nyingi huishia na irabu, bila kutenganisha ng', ny, sh, mb na wenzao. Pili, alama ya ng' ilikuwa imeandikwa kwa aina tatu tofauti na waandishi watatu, hivyo kutafuta "ng'ombe" kulileta nusu tu ya ng'ombe wote. Sawazisha kabla ya lolote lingine. Tatu, kisahihishi cha tahajia cha Kiingereza kiligeuza "wake" fulani kuwa herufi kubwa bila ruhusa. Zima.

Kurasa za A5, herufi za ukubwa wa 11, pambizo ya ndani milimita 20. Zikatoka 275. Mchapaji hukunja karatasi kubwa kuwa kurasa 16, kwa hiyo unalipia 272 au 288; 275 ni 288 yenye kurasa 13 tupu. Hatukubana herufi. Tulipunguza aya ambazo mstari wa mwisho ulikuwa na neno moja tu, na kurasa tatu zikapatikana bila msomaji kupoteza kitu. 272.

Mpangaji: 1,000 kwa ukurasa, 272,000.

14 Septemba. Jalada, na jina laanguka

Mchoraji alipewa jina, Ng'ombe wa Doto, na muhtasari wa mistari mitano usiotaja mapacha. Akauliza kabla ya kushika kalamu: "Kulwa yuko wapi?"

Tulikuwa tumemficha Shija kwa sura sita huku tumemwandika Doto kwenye jalada. Na hili si la Wasukuma peke yao. Nchi nzima inajua Doto ana mwenzake. Watu watatu, miezi sita, hakuna aliyeona. Jina jipya ni Zizi la Ng'ambo. Halisemi mtu, na Mkristo yeyote akisikia ng'ambo ana yake ya kuwaza.

Kosa la pili la jalada ni la rula. Mgongo ulichorwa kwa milimita 10, kwa kukisia. Kurasa 272 ni karatasi 136. Pima karatasi 100 za aina utakayotumia kwa rula, kisha zidisha. Kwa gramu 80 karatasi 100 zilitoa milimita 10, hivyo mgongo ni 13.6. Kwenye nakala ya kwanza ya mfano jina lilikuwa limepinda kona kuingia mbele. Kuchora 150,000, kurekebisha 20,000.

Nakala hiyo hiyo ya mfano ilikataa kulala wazi. Kurasa zilikuwa ngumu, na ukizilazimisha gundi inapasuka. Sababu ni nyuzi za karatasi kwenda kinyume na mgongo. Kipimo hakihitaji mtaalamu: chukua karatasi, ipinde bila kuikunja kwa urefu kisha kwa upana, inapopinda kwa ulaini ndiko nyuzi zinakoelekea, na mwelekeo huo uwe sambamba na mgongo. Mchapaji alikuwa amekata karatasi kwa namna ya kuokoa mabaki. Nakala ya pili ya mfano ilikuwa sawa. Mbili kwa 25,000 ni 50,000, na ni fedha iliyookoa milioni mbili. Usikubali kuruka hatua hii hata ukiambiwa mashine iko tayari.

Namba ya ISBN, ya kukitambulisha kitabu, iliombwa kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na nakala za maktaba zimetengwa.

5 Oktoba. Nakala 500

Gramu 80 ndani, kadi gramu 250 nje, gundi ya moto: 4,700 kwa moja, 2,350,000. Nakala 38 zilikuwa na mkunjo mmoja (kurasa 16) juu chini, mchapaji amezibadilisha. Fungua kila nakala kabla ya kusaini.

Jumla ya mradi 3,530,000, yaani 7,060 kwa nakala. Bei ya rejareja 12,000. Duka linachukua asilimia 30, tunabaki na 8,400. Inayouzwa baada ya misa, mlangoni, inaingia yote, na hadi leo hizo ndizo nyingi.

Ukurasa wa 181 bado watu wanasalimiana "Mwangaluka" jioni. Ilikuwa kwenye orodha, mmoja akadhani mwenzake ameirekebisha. Kwenye faili imeshakuwa "Mwadila". Nakala 211 zilizobaki tunazisahihisha kwa mkono, kalamu nyeusi ya ncha nyembamba, na tumefika ya 64.